Chuma Walichokikalia

Benchi la kijiweni kwa Cheche halijawahi kuvunjika, na hilo si jambo dogo, maana wanaolikalia wana uzito wa mwili na uzito wa uongo. Liko mbele ya karakana ya kuchomelea vyuma, upande wa kivuli, katikati ya mtaro wa maji machafu na kibanda cha kinyozi. Mabenchi mengine ya mtaani ni ya mbao: mwaka wa kwanza yanalia, mwaka wa pili yanakulaza chali mbele ya wakwe. Hili ni chuma kitupu kilichopakwa rangi ya kijani, na ncha yake moja imejikunja kama mdomo uliopigwa na mshangao. Hapo kwenye mdomo ndipo Shangazi muuza kahawa anapotundika birika lake. Saa nne ikifika, wenyewe hao. Wembe kinyozi, mwenye methali kwa kila jambo na hajawahi kuipiga hata moja mahali pake. Mzee Breki, dereva wa lori aliyestaafu, ambaye mpaka leo anaapa kwamba ile ajali haikuwa ya breki. Na Cheche mwenyewe, mchomeleaji, kijana anayejisifu hata kwa kuamka mapema. Lakini siku hiyo Cheche alikuwa kimya. Jogoo kupitisha alfajiri ungesema amechoka; Cheche kunyamaza, ujue kuna jambo.

Wembe alikuwa na gazeti. Alilikung'uta nywele za mteja, akakohoa kama mtu wa redioni.

— Sikilizeni, nyie msiosoma. "Nishani ya ubunifu kwa Meja wa kikosi cha wahandisi wa jeshi."

— Kwani wewe ulisoma mpaka wapi? — Mzee Breki akamuuliza.

— Mpaka mlangoni. Acha nisome, mzee wangu. "Meja huyo amebuni daraja la dharura linaloungwa na askari wanane kwa dakika kumi na mbili tu. Halina bolti, halichomelewi, halihitaji winchi. Viungo vyake hujifunga vyenyewe, na kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo vinavyozidi kubana. Wakati wa mafuriko daraja hilo liliwavusha wagonjwa wa hospitali nzima."

Shangazi akasimamisha birika hewani.

— Rudia hapo pa kubana.

— "Kadiri mzigo unavyozidi, ndivyo vinavyozidi kubana."

— Hilo si daraja la Sajini wetu?

— Ndilo hilo hilo! — Mzee Breki akapiga paja lake. — Meja? Meja gani? Mimi si nilipita juu yake na lori, hapa hapa kwenye huu mtaro? Lori la mchanga, tena limejaa!

Cheche akainamia kikombe chake kana kwamba ameona mdudu ndani.

Sajini ni mtu wa mtaa huu, nyumba ya tatu kutoka bombani, mlango wa bluu. Wanajeshi wengine wakija likizo wanakuja na redio na vitambi. Yeye alikuja na boksi la sukari lililochorwachorwa kwa penseli. Akamfuata Cheche, akamwambia: "Mdogo wangu, nipe kidole." Akakinasa kidole cha Cheche kwa cha kwake, kama watoto wanavyowekeana ahadi, akamwambia avute. Cheche akavuta. "Vuta tena." Kadiri alivyovuta, vidole vilizidi kushikana. "Basi," Sajini akasema, "tengeneza hivyo kwa chuma."

Likizo tatu zikaishia kwenye moshi wa karakana. Walikata, wakachomelea, wakakosea, wakatupa. Mwishowe wakapata vipande viwili, kimoja kina ulimi, kingine kina mdomo. Ulimi ukiingia mdomoni na mzigo ukipanda juu, hata shetani haung'oi. Siku Mzee Breki alipopita na lori, mtaa mzima ulitoka, Shangazi akapiga vigelegele, na mtaro ukabaki unatazama kwa chini. Kabla ya kurudi kambini Sajini alichukua nyundo na vyuma vya kupigia chapa, akagonga pale ubavuni, tarakimu moja moja, namba yake ya jeshi na tarehe ya siku ile.

"Chuma hakijui kusema, Cheche. Lazima ukiandikie mwenyewe ni nani," alisema. "Nitunzie hiki cha kwanza. Siku nikikihitaji nitakifuata."

"Labda niwe nimekufa, kaka," Cheche akajibu.

Hajafa. Yuko hapa, ameketi, anakunywa kahawa. Na alichokikalia ndicho hicho chuma.

Naam, ndicho. Kilikaa nyuma ya karakana miaka mitatu, chini ya mabati mabovu, kuku wakitagia hapo. Sajini hakuja likizo tena. Ilisemekana amepelekwa mbali. Ndipo benchi la zamani, la mbao, lilipovunjika na Mzee Breki juu yake, na kijiwe kizima kikamwandama Cheche: fundi gani wewe, unatengenezea watu mageti na wageni wako wanakaa juu ya matofali? Cheche ana ugonjwa mmoja, hawezi kuchekwa. Jioni moja, peke yake, aliwasha grenda ya kukatia chuma. Ule upande wa ulimi haukuwa na kazi, ukaenda na mnunuzi wa chuma chakavu. Upande wa mdomo akaugeuza juu chini, akauwekea miguu, akaupaka kijani. Asubuhi yake alisifiwa mpaka akavimba. Alipoulizwa chuma kizuri hivi amekitoa wapi, alisema: "Fundi haulizwi jikoni."

— Mimi nawaambia ilivyokuwa, — Wembe akaendelea. — Meja aliiba mchoro. Sajini amelala kambini, boksi la sukari liko chini ya mto. Meja akanyata. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka.

— Hiyo imeingiaje hapo?

— Alinyata polepole, bana! Hakuwa na haraka, ndiyo maana akabarikiwa.

— Mchoro upi? — Mzee Breki akatikisa kichwa. — Mchoro ule ungeusoma wewe? Ulikuwa na mafuta na chai. Hapana. Sikilizeni mtu aliyetembea. Huu ugonjwa uliomrudisha Sajini nyumbani, huu wa nusu mwili kulala na mdomo kufungwa, mnadhani ni ugonjwa? Walimwingiza kwenye ile mashine kubwa ya hospitali, inayopiga picha ya ubongo. Picha ikatoka. Na mawazo yakatoka na picha! Yeye akabaki na kichwa kitupu, Meja akaondoka na bahasha.

— Astaghafiru! — Shangazi akasema. — Mzee wa watu hasemi, na nyie mnamfanyia mzaha.

— Mzaha gani? Mimi nilipigwa picha ya goti, na tangu siku hiyo goti halina akili.

Hata Shangazi alicheka. Cheche hakucheka. Aliona mkono wake wa kulia umeshuka wenyewe ubavuni mwa benchi, unapapasa. Pale panateleza. Panateleza kuliko penginepo.

Maana hadithi ya chuma haikuishia kwenye rangi. Wiki moja tu baada ya benchi kuzaliwa, Mzee Breki alikuja amefura, suruali yake ya sherehe imechanika nyuma. "Benchi lako lina meno!" Wembe naye akageuka kuonyesha ya kwake. Wakainama, wakachungulia. Zilikuwa tarakimu zile, kingo zake kali bado, zimejitokeza kwenye rangi. "Namba za kiwandani hizo," Cheche akasema upesi. "Zinyoe!" Wembe akapiga kelele. "Kama huwezi nikuletee wembe!" Watu wakacheka sana. Na Cheche, yule asiyeweza kuchekwa, akaleta grenda mbele ya hadhara, akanyoa. Cheche za moto ziliruka mpaka mtaroni. Tarakimu ya mwisho ilipofutika, walimpigia makofi.

— Mbona nyie mnahangaika? — Shangazi sasa naye aliingia uwanjani, mikono kiunoni. — Nipe hilo gazeti. Mtazame huyo Meja viatu vyake. Mtu ametoka kujenga daraja kwenye mafuriko, viatu vinang'aa hivi? Huyu si Meja. Hayupo. Wamemkodi mtu mwenye mashavu mazuri, wakamvalisha.

— Shangazi umenena, — Wembe akadakia. — Na mimi naongeza. Hata mafuriko hayakuwapo.

— Eh!

— Yaliagizwa! Walikuwa na daraja, hawana mto. Utaonyesha daraja kwenye nchi kavu? Wakafungulia bwawa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

— Kwa hiyo maji ndiyo yamejitembeza?

— Si unaona!

— Na wale wagonjwa wa hospitali?

— Waliambiwa waugue.

Mzee Breki alicheka mpaka akakohoa, akajifuta macho, halafu ghafla uso wake ukaanguka.

— Lakini jamani. Sajini yuko pale ndani, mlango wa bluu, hawezi hata kufukuza inzi. Na mtu mwingine kesho anavishwa nishani yake. Sisi tupo hapa. Tuliona. Hivi hatuwezi kwenda kusema?

— Nani atakusikiliza? — Wembe akalikunja gazeti. — Dereva aliyeua ng'ombe wanne?

— Breki zilikuwa nzima!

— Ndiyo maana hawatakusikiliza.

Wakamgeukia Cheche. Yeye ndiye aliyechomelea. Kama kuna mtu wa kusema, ni yeye.

— Cheche, mbona umeziba leo? Wewe unasemaje? Nani amemwibia Sajini?

— Mimi... — Cheche akalamba midomo. — Labda yeye mwenyewe alisahau. Alisahau kuweka ushahidi.

Walimshukia kama kunguru.

— Sajini asahau? Mtu anayepanga viatu vyake kwa mstari?

— Huyu amelogwa. Muda wote ananyamaza, akifungua mdomo anamtetea mwizi.

— Kikulacho ki nguoni mwako, — Wembe akasema, akimnyooshea kidole Meja wa gazetini.

Miaka yote ile, hiyo ndiyo methali ya kwanza Wembe kuipiga mahali pake, na hakuna aliyejua isipokuwa mmoja. Cheche akahisi benchi limepata moto chini yake.

Tena lilikuwako jambo jingine, hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Miezi minne nyuma, Sajini aliporudishwa nyumbani baada ya kuugua, binti yake alimleta hapa kijiweni apigwe na upepo wakati yeye anakwenda kufuata dawa. Walimkalisha kwenye benchi. Mkono wa kushoto ndio uliokuwa hai. Ule mkono ulitembea ubavuni mwa chuma, ukashika ule mdomo ulipotundikwa birika, ukaingia ndani yake, ukatoka, ukarudi pale panapoteleza. Ukasimama hapo. Halafu akaanza kugonga. Ta, ta, ta. Anagonga na kumtazama Cheche. "Anataka kahawa," Shangazi akasema, akammiminia. Akainywa, akagonga tena. Akaongezwa. Alikunywa vikombe vinne siku ile, kikiisha hiki anagonga, anapewa kingine, na watu wakasema jeshi linafundisha kunywa. Machozi yalikuwa yanamtoka jicho moja. Wakasema ni ugonjwa.

Cheche alielewa. Alielewa tangu kidole kilipogusa chuma mara ya kwanza. Akasema ana kazi ya mtu ndani, akaingia karakanani, akawasha grenda bila kitu cha kukata, ili asisikie.

— Hodi hapa! Shikamooni!

Wakageuka. Alikuwa binti wa Sajini, yule fundi cherehani, bado ana tepu ya kupimia shingoni, vumbi mpaka magotini. Alikuwa anahema, amekumbatia bahasha kifuani. Na alikuwa anatabasamu, jambo ambalo mtaa ulikuwa umeshalisahau.

— Marahaba, mwanetu. Mbona mbio?

— Wamekubali! Shangazi, wamekubali! Mwezi mzima nakwenda pale ofisini kwao jeshini, leo nimesikilizwa. Kamati ya nishani imesema Meja hawezi kuonyesha daraja lilianzia wapi. Ana michoro ya juzi tu. Wakaniuliza, "Wewe una nini?" Nikasema mashahidi ninao. Wakacheka. Wakasema maneno ya kijiweni hawayapokei, wanataka kitu cha kushikika.

— Nimewaambia! — Wembe akanong'ona.

— Nikawaambia kipo. Kile cha kwanza kabisa, baba alikiacha kwa baba mdogo Cheche, kina namba yake ya jeshi na tarehe, amegonga mwenyewe kwa nyundo, ubavuni. Yule mkubwa wao akaniambia, "Binti, tukiiona namba hiyo na tarehe hiyo, jina la Meja linatoka leo leo, la baba yako linaingia. Na matibabu yake yanakuwa juu yetu." Nimeweka sahihi kwamba kipo. Gari lao linafika saa nane kukichukua.

— Alhamdulillahi! — Shangazi akaachia kigelegele, kikapaa mpaka bombani.

Mzee Breki hakushangilia. Midomo yake ilitikisika, kama mtu anayekumbuka njia aliyopita usiku: namba... ubavuni... Mkono wake ukaenda taratibu nyuma ya suruali, pale palipowahi kushonwa.

— Na baba? — Shangazi akauliza. — Umemwambia? Amefurahi?

Tabasamu la binti likapungua kidogo.

— Hata simwelewi, Shangazi. Nimemnyoa, nimemvisha sare zake, nikamkalisha mlangoni asubiri gari. Nikamwambia, "Baba, nakwenda kuchukua chuma chako." Nilidhani atacheka. Akatikisa kichwa. Akalia. Halafu akaanza kugonga kiti. Anagonga tu. Nimempa maji, hataki. Nimempa uji, hataki. Sijui anataka nini.

Kigelegele cha Shangazi kilikuwa bado kinaning'inia mahali fulani, na sasa kilianguka. Alilitazama birika lake. Akatazama lilipotundikwa. Akaweka mkono mdomoni.

Mzee Breki ndiye aliyeanza kuinuka. Aliinuka kwa tabu, kama mtu aliyegundua amekalia kaburi. Wembe akamtazama, akatazama benchi, akatazama pale ubavuni alipowahi kuinama na kupiga kelele "zinyoe!", na gazeti likamponyoka. Akasimama naye. Cheche akasimama mwisho.

Hii ilikuwa mara ya kwanza benchi lile kuwa tupu saa kama hiyo.

— Jamani, msinipishe wote, — binti akasema, ameona haya kwa heshima aliyopewa. — Mimi mtoto tu. Haya, ahsanteni. Kweli nimechoka.

Akaketi. Akaweka bahasha mapajani, akavua kiatu kimoja, akakung'uta mchanga.

— Benchi zuri hili, — akasema. — Wembe, mbona umenuna? Wewe hukosi neno.

Wembe alitafuta methali. Alizitafuta zote, mpaka zile za utotoni. Haikuja hata moja.

Shangazi alichukua kikombe safi ammiminie mgeni. Akainamisha birika. Likatoa tone moja, na machicha.

— Baba mdogo, — binti akasema. Alijisogeza ampe Cheche nafasi, akapigapiga chuma kwa kiganja pale pembeni yake, pale panapoteleza kuliko penginepo. Ta, ta, ta. — Njoo ukae, unieleze, maana saa nane si mbali. Kiko wapi?

Wote wakamtazama Cheche. Kijana mwenye mdomo mkubwa kuliko wote mtaani aliufungua, ukabaki hivyo, wazi kama ule wa benchi, ambao ulimi wake uliondoka siku nyingi na mnunuzi wa chuma chakavu.